Mkono Mmoja Mzima kwa Ndugu Wawili

Moonta, Australia Kusini
4 Septemba 2023

Kaka Clem,

Huu mwandiko ni wa mkono wa kushoto, ambao umeanza kazi mwezi wa sita tu, kwa hiyo usicheke. Ukicheka nitajua.

Huku sote wazima. Paka anakula kuliko mimi. Mvua ilinyesha wiki jana na mashamba ya ngano yamekuwa kijani mpaka unasahau kwamba kiangazi kinakuja. Glenys huja kila Alhamisi na pasti mbili za kuoka, zimejaa nyama na viazi. Yangu anaikata vipande bila kuniuliza, halafu anajifanya anatazama dirishani wakati nakula. Miaka ishirini na mbili tumebingirisha tufe kwenye nyasi jozi moja, mimi na yeye, na sijawahi kumwona ana haya mpaka mwaka huu.

Najua tulikubaliana baada ya mazishi ya Mama kwamba mimi na wewe kupigiana simu basi, maana kila tukipigiana tunaishia kwenye duka la Baba na mmoja anamkatia mwenzake. Ndiyo maana naandika. Barua huwezi kuikata katikati.

Sina la maana. Ni kwamba msimu wa tufe unafunguliwa mwezi huu na mimi sitarudi uwanjani. Glenys nimemwambia nimechoka na ule mchezo. Wewe nakwambia kweli, kwa sababu uko mbali: nilienda peke yangu Jumatano moja asubuhi, wakati hakuna mtu. Mkono wa kulia haushiki, na nikiinama mguu wa kulia unanikimbia. Nikajaribu kwa kushoto. Tufe likaangukia kidole changu cha mguu. Nilikaa pale kwenye nyasi karibu saa nzima kabla sijaweza kusimama na kurudi kwenye kiti changu cha magurudumu.

Hukuja hospitali mwezi wa tano, nilipopata kiharusi. Siulizi. Nasema tu kwamba hukuja.

Mdogo wako,
Verna


Burnie, Tasmania
2 Oktoba 2023

Verna mdogo wangu,

Salamu kutoka kwenye mvua. Usishangae kuona barua imepigwa chapa. Niliona mashine ya Mama inakaa tu kabatini bila kazi, nikaihurumia.

Mimi mzima kabisa. Banda langu limejaa roboti ninaowaunda. Yule roboti wa kusukuma pipa la taka sasa anafika mpaka barabarani kila Jumanne bila kugonga ua la jirani, na jirani ameanza kumwamkia. Mwingine anaokota mayai. Havunji zaidi ya moja kwa wiki, na mimi mwenyewe nilikuwa navunja mawili.

Kuhusu hospitali, feri ilikuwa imejaa.

Sasa sikiliza. Nipimie vitu vitatu. Kwanza, ukiwa umekaa kwenye kile kiti chako cha magurudumu, kutoka mkononi mpaka kwenye nyasi ni sentimita ngapi? Pili, tufe lako lina uzito gani? Tatu, waulize wakubwa wa klabu kama sheria inaruhusu kifaa cha kusaidia. Usiniulize kwa nini. Pima tu.

Clem


Moonta
15 Oktoba 2023

Kaka,

Sentimita sitini na mbili. Kilo moja na nusu na kidogo. Sheria inaruhusu kifaa, mradi mchezaji mwenyewe alenge na mwenyewe aachie. Nilimuuliza Ross, katibu wetu, kwa kisingizio kwamba namuulizia mtu mwingine. Akaniangalia mkono, akasema, "Mwambie huyo mtu mwingine tunamkumbuka."

Nikuambie mapema, usijisumbue. Glenys lazima aandikishe jina la mwenzi wake kwa mashindano ya jozi ya Pasaka kabla ya tarehe kumi Machi. Yule Beryl wa Kadina ameshaanza kumletea keki. Beryl! Mwanamke anayerusha tufe kama anamfukuza mbwa! Lakini ndivyo ilivyo, na Glenys hawezi kukaa nje kwa ajili yangu.

Halafu feri gani inajaa mwezi wa tano, Clem? Mwezi wa tano hata pengwini hawapandi hiyo feri.

Hapa joto limeanza. Paka amehamia kwenye sakafu ya bafu. Na hiyo mashine ya chapa irudishe kabatini, nataka kuuona mwandiko wako.

Verna


Burnie
20 Januari 2024

Verna mdogo wangu,

Najua, najua. Miezi mitatu kimya, na Krismasi katikati. Kadi yako ilifika, ahsante, paka amependeza na ile kofia. Mimi nilikula kamba wa baharini peke yangu bandani na nikamwekea roboti wa pipa utepe mwekundu. Vipuri vilichelewa, na kazi ya kulehemu ilichukua muda kidogo.

Ndani ya sanduku hili kuna mkono. Unakaa juu ya kigari kinachofungwa ubavuni mwa kiti chako. Kwa mkono wa kushoto unashika usukani na kulenga. Kirungu kile cheusi ni cha nguvu, kizungushe unavyotaka, ila kisipite alama nyekundu. Kisha shika kitufe cha kijani. Mkono unainama mpaka kwenye nyasi, unarudi nyuma, na pale utakapokiachia kitufe ndipo na wenyewe unaliachia tufe. Anayelenga ni wewe, anayeachia ni wewe. Ross hana la kusema.

Betri sikuweka. Posta hawapokei betri za lithiamu peke yake kwenye ndege, na yule bwana wa dirishani alinisomea sheria nzima huku foleni imefika mlangoni. Kwa hiyo nenda kanunue pawabenki kubwa yenye tundu la Taipu-C, na mgongoni iwe imeandikwa PD. Herufi hizo mbili ndizo muhimu. Zamani kila roboti wangu alikuwa na betri yake na chaja yake, nilikuwa na droo nzima ya chaja zisizojuana. Sasa wote wanakula kwa waya mmoja, uleule wa simu yako.

Hiyo PD ndiyo inayofanya waya huu usimwage umeme ovyo. Ukiuchomeka, mashine na pawabenki zinaongea kwanza. Pawabenki inataja volti ilizonazo, mashine inaomba inayoitaka, ndipo umeme wenyewe unapita. Mimi nimeuwekea mkono kisahani kidogo, sawa na stempu ya posta, ambacho kazi yake ni kuomba volti kumi na mbili. Wewe chomeka tu, ukacheze.

Clem


Moonta
3 Februari 2024

Kaka Clem,

Salamu baadaye. Mkono wako ni mvivu!

Ulifika mzima. Niliutazama siku mbili kabla sijaugusa, na sitakuambia nilichojisikia, maana utavimba kichwa. Pawabenki nilinunua mjini, ilikuwa moja tu, kubwa kama tofali, na PD imeandikwa. Jumatano tukaenda uwanjani. Glenys, mimi, na Ross ambaye hakualikwa. Alikuja kudai kibandiko cha ukaguzi wa umeme, maana kwenye klabu hata birika la chai lina kibandiko. Nikamwambia, "Ross, hii haina plagi ya ukutani. Utabandika wapi, kwenye paji langu la uso?"

Nikalenga. Nikashika kitufe. Mkono ukainama polepole kama mzee anayetafuta miwani, ukajikokota nyuma, nikaachia, tufe likabingirika hatua tatu, likalala. Ross akasema, "Angalau halijaenda uwanja wa jirani." Tukacheka sana, mimi wa kwanza. Halafu nikaenda kwenye gari nikalia, na Glenys akaja akakaa pembeni.

Sikuwa nataka mkono, Clem. Nilikuwa nimeshakubali. Wewe ndiye uliyenifanya nitake tena, kwa hiyo utengeneze. Nalirudisha sanduku Jumatatu ya tarehe kumi na mbili, urekebishe unirudishie kabla ya tarehe kumi Machi. Mgongoni pa pawabenki pameandikwa 5, 9, 15, 20, kama inakusaidia.

Verna


Burnie
7 Februari 2024
(KWA HARAKA)

Verna,

USIRUDISHE SANDUKU. Kama umeshalipeleka posta, kimbia ukalichukue, au mtume Glenys akimbie.

Kosa ni langu, na ni kosa la kijinga. Soma tena ulichoniandikia: tano, tisa, kumi na tano, ishirini. Kumi na mbili iko wapi? Haipo. Pawabenki zangu zote hapa zinayo, nikasahau kwamba nyingine nyingi hazina. Mashine iliomba kumi na mbili, pawabenki ikasema hiyo sina, ikateremka mpaka tisa. Ni sawa na mtu ameagiza pasti akaletewa biskuti, halafu akaambiwa akalime. Mkono si mvivu, una njaa.

Dawa ni ndogo. Fungua kifuniko cha chini. Kwenye kile kisahani cha stempu utaona jozi za vidoa zimeandikwa 9, 12, 15, 20. Jozi ya 12 nimeiunganisha kwa tone la risasi ya kulehemia. Tone hilo liondolewe, na jozi ya 15 iunganishwe. Kumi na tano ni kali kidogo kwa mota, ndiyo maana nakusihi kirungu kisipite alama nyekundu.

Lakini usilete huku. Safari ni ndefu na siku hazitoshi. Mpe fundi yeyote hapo, ni kazi ya dakika mbili.

Clem


Moonta
16 Februari 2024

Clem,

Fundi gani? Fundi wa mwisho wa redio Moonta ulikuwa wewe, na uliuza duka ukahamia Tasmania.

Glenys alikimbia. Miaka sabini na moja, kavaa kandambili, akalikuta sanduku liko juu ya mizani ya posta. Anasema unamdai shukrani na chupa ya divai. Nimemwambia ni yeye anayedai, akasema haidhuru, mradi divai ije.

Tukaliweka juu ya meza ya jikoni, nikafungua kifuniko cha chini kama ulivyosema.

Ndipo nikaona lehemu zako.

Kaka, mimi nilikua nikizitazama lehemu zako. Tangu nina miaka tisa nilikuwa nakaa kwenye kile kigoda dukani kwa Baba nakutazama. Zilikuwa ndogo, zinang'aa, sawasawa zote kama punje za mchele. Hizi zilizo ndani ya sanduku ni kama njiwa wamepita juu. Nyingine zimeunguza ubao. Pembeni kuna mahali umejaribu mara nne, tano, nimezihesabu alama. Glenys akauliza, "Kuna nini?" Nikasema hakuna kitu, nina mafua.

Sasa nauliza, maana nimechoka kutouliza. Barua za chapa. Miezi mitatu ya "muda kidogo". Feri iliyojaa. Usirudishe sanduku. Clem, mikono yako ina nini?

Hilo tone nimelihamisha mwenyewe. Chuma cha Baba cha kulehemu kilikuwa bado gereji, kwenye lile bati la biskuti, na kinapata moto vilevile. Glenys alishika taa na akashika pumzi. Kwa mkono wa kushoto, mara ya kwanza tangu Baba aliponitoa kwenye meza ya ufundi akaniweka kwenye kaunta, kwa kuwa wateja wanapenda kuhudumiwa na msichana. Ilinichukua dakika arobaini. Lakini limekaa vizuri, na ni dogo, na linang'aa. Nililitazama mpaka chai ikapoa.

Na mkono umefanya kazi! Jumatano nilirusha tufe likaenda mita ishirini na nane, likakata kona, likasimama karibu na ule mpira mdogo mweupe tunaoulenga, mpaka Ross akavua kofia. Nilipiga kelele nikawashtua watu wa uwanja wa pili.

Ila kuna shida nyingine. Nikishatupa, wenzangu wanatupa, tunahamia upande wa pili, Ross anasimulia mambo ya nyonga yake, na zamu yangu ikifika nabonyeza kitufe, kimya. Pawabenki imezimika. Lazima niwashe upya, na mkono unaanza salamu zake zote toka mwanzo huku watu wananisubiri. Kwenye mashindano hawatasubiri hivyo. Mashine yako inasinzia, Clem, kama wewe kanisani.

Zimebaki wiki tatu. Nijibu yote mawili, na la kwanza ujibu kwanza.

Verna


Burnie
22 Februari 2024

Verna mdogo wangu,

Huu ndio mwandiko wangu. Umetaka kuuona, haya, utazame.

Ni ugonjwa wa Parkinson. Mwaka wa pili sasa. Ulianza mkono wa kulia, sasa yote miwili inatetemeka, zaidi nikiwa na watu. Kijiko kinafika mdomoni kikiwa kitupu. Mwezi wa tano, Glenys aliponipigia kwamba umeanguka, nilifunga begi. Nilifika mpaka kwenye maegesho ya feri nikakaa ndani ya gari. Nikawaza, Verna amelala pale mkono umekufa, nami naingia na mikono hii yangu inacheza ngoma. Kikombe cha chai tu kingenitoa siri. Nikageuza gari. Feri haikujaa. Niliona aibu, Verna, na tangu siku hiyo nimeona aibu kwa sababu niliona aibu.

Mkono wako nilianza kuulehemu Oktoba nikamaliza Januari. Mengine nilishika chuma kwa mikono miwili, kiwiko nimekibana kwenye ukingo wa meza. Nilijua ukifungua utajua. Ndiyo maana nilisema mpe fundi.

Sasa la kusinzia. Pawabenki ikiona mashine haili kitu kwa nusu dakika hivi, inafikiri hakuna anayeihitaji, inajizima. Roboti wangu hawasimami kupiga soga, kwa hiyo sikuwahi kukutana na hilo. Nani alijua watu wa tufe wanaongea hivyo? Dawa yake ni kitu kidogo kinachokula umeme muda wote. Tafuta balbu ndogo ya taa ya pembeni ya gari, ilehemu sambamba na waya mwekundu na mweusi unaotoka kwenye kisahani. Itawaka tu, na pawabenki haitalala.

Nimesema ilehemu. Simaanishi fundi.

Na jambo la mwisho, ambalo ndilo limenifanya niandike kwa mkono, hata ikinichukua siku tatu. Ulikuwa unakaa kwenye kigoda ukinitazama, sawa. Lakini ulipofika miaka kumi na miwili ulikuwa umeshanipita. Zile redio ambazo Baba alikuwa anawaonyesha wateja, akifungua nyuma ili waone kazi safi, zilikuwa zako. Alisema ni zangu, nami nikanyamaza. Aliponipa duka nikanyamaza. Nilipoliuza nikakuambia ni la kwangu niuze nitakavyo. Miaka yote tumegombana kwenye simu, nawe hukuwahi kunitajia redio hizo hata mara moja, nami nilikuwa nasubiri uzitaje ili nikasirike. Zilikuwa zako. Wewe ndiye uliyekuwa fundi.

Sisi wawili tumebaki na mkono mmoja mzima, na bahati nzuri ni huo wako.

Clem


Moonta
2 Aprili 2024

Kaka yangu Clem,

Nimechelewa makusudi, nilitaka nikuandikie yote pamoja.

Mzima? Mimi mzima. Paka mzima. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imechoka mikunjo. Kuhusu zile redio, nilikuwa najua kwamba unajua. Nilitaka tu siku moja useme. Umesema, basi, limekwisha, na nililia vizuri, si kama kule kwenye gari.

Balbu niliitoa kwenye lile tela la zamani la kulalia safarini, la marehemu mume wangu. Nimeilehemu dakika kumi na mbili, si arobaini tena. Inawaka juu ya kigari mchana kweupe kama taa ya mnara wa bandari, na Glenys ameipa jina lako kwa sababu anasema haina kazi nyingine ila kukaa macho na kujionyesha. Tulijaribu siku mbili mfululizo. Ross akasimulia nyonga zote mbili, na pawabenki haikufumba jicho. Tarehe nane Machi Glenys akaandika majina, lake na langu, kwa wino. Beryl amerudishiwa keki zake.

Jumamosi ya Pasaka tulishinda mchezo wa kwanza kwa pointi sita. Wa pili tukashinda kwa moja. Wa tatu tukafungwa, na aliyetufunga ni Beryl, ukitaka kujua jinsi dunia isivyo na haya. Lakini tufe langu la mwisho, Clem! Lilizunguka nje ya mengine yote, taratibu, likaingia ndani na kuugusa mpira mweupe kabisa. Watu walisimama. Mzee mmoja wa Wallaroo akaja kuniuliza nani ameutengeneza mkono ule. Nikamwambia: mimi na kaka yangu. Nilivyosema hivyo nikasikia raha, nikamwambia tena.

Sasa na mimi nina maagizo. Nimevunja sheria yetu nikapiga simu, lakini si kwako. Nilipiga feri. Binti wa pale alicheka nilipouliza kama mwezi wa tano kunajaa, anasema hajawahi kuona kumejaa tangu aanze kazi. Nimekukatia nafasi tarehe kumi na nne Mei. Glenys atakusubiri bandarini Geelong na gari, na divai yake uje nayo.

Nimekutengenezea kikombe chenye mfuniko na mashikio mawili. Kimekaa hapa mezani kwangu, pale penye mwanga, na kile kigoda kiko upande wa pili. Utakaa wewe kwenye kigoda safari hii. Utawaza wewe, utaniambia nini kinaenda wapi, na nitalehemu mimi.

Leta vipuri vyote. Mlete na yule roboti wa pipa, Ross anataka kumbandikia kibandiko. Na leta mikono yako hivyo hivyo ilivyo.

Mdogo wako,
Verna